Kitovu cha Mtoto wa Ngazi

Mtu mmoja alikuwa na masikio makubwa kama majani ya magimbi, na kwa miaka hamsini hayakuwahi kumdanganya. Siku yalipomdanganya, yalimdanganya mbele za watu.

Mtu huyo aliitwa Senkondo. Kazi yake ilikuwa kuzika vitovu vya watoto, na umri wake ulikuwa ule ambao mwanamume hawezi kuketi bila kuguna wala kuinuka bila kumtaja Mungu. Asubuhi moja alikuwa akiteremka kando ya mfereji, kijembe begani, mahindi mawili ya kuchoma mfukoni, mara akasikia kilio kutoka bondeni wanakokaa Waundwa. Hakikuwa kilio cha mtu mmoja. Kilikuwa cha watu arobaini, kirefu, kinapanda, kinatetemeka, kinakatika, kinaanza upya. Senkondo alikuwa mtu wa kutembea. Ujanani alifika hadi pwani ambako mchanga uliyeyuka ukawa kioo, akala kwa watu wenye mapezi, akalala kwa watu wenye manyoya, na kila aliporudi alijisifu kwamba anajua kusalimia kwa lugha tisa na kulia msibani kwa lugha zote. Basi akavua kofia, akayakunja masikio yake kisogoni kama adabu ya msiba inavyotaka, akaingia uani kwa Waundwa na kujitupa chini.

Alilia vizuri. Hata waliomcheka baadaye hawakumnyima hilo. Alipiga ardhi kwa kiganja, akasema, "Jamani! Kaondoka mapema hivi! Mtu mwema vile, jana tu nimepishana naye njiani na mzigo wake, kaniamkia vizuri! Ah, dunia!" Akapapasa mfukoni, akamkabidhi mtu wa karibu yale mahindi mawili kuwa rambirambi yake, akarudi chini kuendelea.

Kilio kikakoma. Ukaja ule ukimya ambao mtu akiusikia hujua unamhusu yeye.

"Bwana Senkondo," akasema mwenye uwanja, mtu aitwaye Dari, ameyashika mahindi kama mtu aliyeshikishwa kifaranga, "huyo unayemlilia hajaanza kutembea."

Senkondo akainua uso, udongo umemganda kwenye paji. Mlangoni pa kibanda alikuwa amesimama Ngazi, mke wa Dari, amechoka, anacheka, na kifuani mwake kitu kidogo chekundu kilikuwa kikipiga chafya.

"Na kile kilio?"

"Tunashangilia," Dari akasema. "Tumesikia kwamba ninyi watu wa juu mkipata mtoto, wanawake wenu wanapiga sauti ndefu kwa ulimi. Tunajaribu tangu alfajiri. Tumekosea?"

"Kidogo tu," akasema Senkondo, akijipangusa. Ndipo lile neno likamfikia, na masikio yote mawili yakamsimama wima kama ya sungura. "Mtoto? Ninyi?"

Ili mtu auelewe mshangao wake, lazima ajue jambo hili. Baada ya Mwako, ule moto ulioteketeza miji na kuacha majivu yakinyesha kwa miaka saba, walibaki duniani watu wa namna mbili. Wazaliwa walikuwa wana wa wanawake, lakini majivu yalikuwa yamewachezea tumboni: huyu masikio, yule vidole kumi na vinne, mwingine mkia. Waundwa walitengenezwa kwenye karakana kabla ya Mwako, wakakuzwa ndani ya mapipa ya kioo ili wafanye kazi ambazo waliowaunda hawakuzitaka. Waliowaunda waliungua. Wao wakalala humo vizazi kadhaa, ndipo wakaamka, wakajivunjia kioo, wakatoka, wazima, wazuri, ngozi laini, ila tumbo la kila mmoja wao lilikuwa tupu kama ubavu wa yai. Hawakuwa na kitovu. Wala hawakuwa na majina, kwa hiyo kila mmoja alijiita kwa kitu cha kwanza alichokiona alipofumbua macho. Na kwa kuwa mtu huamka chali, nusu ya wanaume wao waliitwa Dari. Ngazi aliamka kwa ubavu.

Waundwa hawazai. Kila mtu alilijua hilo, wao wenyewe wakiwamo, maana lilikuwa limeandikwa kwenye kila pipa. Lakini inaelekea Mungu hakuwahi kupita karakana ile akasoma.

Na katika mlima ule, kitovu kilikuwa kila kitu. Juu kabisa kulikuwa na ndiva, bwawa la kulimbika maji ya chemchemi, na kutoka ndivani ulishuka mfereji mmoja, maji matamu pekee kwa mwendo wa siku tatu. Mtoto akizaliwa, siku kitovu chake kinapodondoka huzikwa kwenye ukingo wa mfereji, kando ya kitovu cha mama yake, kabla jua halijazama. Maji yakipita hapo yanamjua. Tangu siku hiyo ana zamu yake ya kumwagilia na haki yake ya kuchota mpaka anaingia kaburini. Asiye na kitovu ukingoni hana maji. Waundwa walikuwa wamekaa bondeni miaka kumi na miwili. Siku za msaragambo, mji mzima unapotoka kwa kazi ya pamoja, ni wao walioziba nyufa za ndiva, kwa sababu mikono yao haikukosea. Kisha walishuka kwao kunywa maji ya mwisho, yale yaliyokwisha kupita kwenye mashamba ya watu wote na kwato za mbuzi wa watu wote, yakaokota chumvi njiani. Mtu mzima aliyastahimili. Lakini maziwa ya mama hutoka katika maji anayokunywa, na maji yale hayakuwahi kulea hata ndama.

"Anaitwa nani?" Senkondo akauliza, amekwisha kusogea karibu, amesahau kuguna.

Ngazi na Dari wakatazamana. "Tumemvizia tangu azaliwe," akasema Ngazi. "Alikuwa hajafumbua macho. Amefumbua sasa hivi, ulipoinua uso."

"Na akaona nini?"

"Sikio," akasema Dari kwa heshima kubwa. "Ndilo jina lake."

Mtu aliyejitupa chini kwa aibu aliondoka uani pale akikimbia kwa furaha. Alipanda mlima kama kijana, akaanguka mara mbili, akafika kwake hana pumzi. Mke wake, Nakijwa, alikuwa mkunga. Majivu yalikuwa yamempa ngozi ya kinyonga: akikasirika anageuka kijani, akifurahi anageuka manjano, na hakuna jambo la moyoni aliloweza kumficha mtu. Alikuwa amepokea watoto mia mbili wa wenzake, na wa kwake hakuwa naye hata mmoja.

"Unatoka wapi na udongo usoni?"

"Msibani."

"Mungu wangu! Kafa nani?"

"Hajafa mtu, mke wangu. Kazaliwa. Anaitwa Sikio. Chukua mkoba wako, nitakueleza tukiwa njiani, ila usinicheke."

Alimcheka njia nzima. Lakini alipofika na kufunua kanga ya mtoto, akaona pale tumboni kitovu kibichi, kimefungwa kwa uzi wa katani, kicheko kikamkatika, na ngozi yake ikawaka manjano kuanzia vidole vya miguu hadi nyusi, kama boga lililoiva. Akapiga kigelegele. Waundwa wakakisikiliza mara moja tu, wakakishika, maana mikono yao haikukosea wala ndimi zao. Wakakipiga watu arobaini kwa pamoja, na mbuzi wa mlima mzima wakakata kamba.

Kelele ile ilimfikia Mchome. Huyu alikuwa mwenyekiti wa ndiva na kaka yake Nakijwa, mtu mrefu mwenye mkia, ambao aliuzungusha kiunoni kama mshipi na kuufunga vizuri ili usitoe siri yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepima kina cha maji kila asubuhi kwa fimbo na kuona fimbo ikilowa kidogo kuliko jana. Alimfuata Senkondo nyumbani, akamkuta mlangoni.

"Shemeji, nimesikia."

"Kila mtu kasikia, shemeji. Hata mbuzi."

"Cheka tu. Kile kitovu kitadondoka, na kikidondoka watakuletea wewe. Sheria unaijua. Kando ya kitovu cha mama. Mama yake cha kwake kiko wapi?"

"Ni katoto kamoja, shemeji. Kanakunywa kiasi gani?"

"Leo kamoja. Kesho mama yake, kesho kutwa baba yake na akina Dari wote. Maji hayaongezeki kwa huruma." Akainua kidole. "Ukifukia kinyume cha sheria, kilichofukiwa hakifukuliwi, hilo siwezi kulibadilisha. Lakini kijembe nitakinyang'anya, na zamu yako ya maji nitaifunga. Utakwenda kukaa nao bondeni, uwafundishe kulia."

Siku zile zilikwenda mbio. Nakijwa alikuwa amewaonya Waundwa kwamba panya akila kitovu cha mtoto, mtoto anakuwa mwizi. Basi wakamlinda watu sita kwa zamu, wamepiga magoti kuzunguka tumbo lile dogo, hawapepesi macho, na aliyetaka kupiga chafya alitoka nje. Lakini siku ya nne Sikio alinyonya, akaachia, akalia. Siku ya tano akanyonya, akalia kwa sauti ndogo zaidi. Nakijwa akashuka na kibuyu cha maji ya zamu yake mwenyewe, Ngazi akanywa, na maziwa yakarudi kwa nusu siku. Alipojaribu tena walinzi wa ndiva walimrudisha njiani. Maji ya zamu hayagawiwi kwa asiye na kitovu. Hiyo nayo ilikuwa sheria. Alirudi nyumbani kijani mpaka kwenye kucha.

Siku ya saba, jua likiwa limepanda kimo cha mtu, watu sita walipaza sauti kwa wakati mmoja. Kimedondoka!

Walikuja wote. Ngazi mbele, mtoto mgongoni, na viganjani mwake jani la mgomba, na ndani ya jani kitovu cha Sikio, kikavu, kidogo kama njugu. Nyuma yake Dari na akina Dari, wanawake wakipiga vigelegele, bonde lote likipanda mlima. Na juu ukingoni Wazaliwa walikuwa wamekwisha kujipanga, waliokuja kuzuia na waliokuja kuangalia tu, wenye vidole vyao na magamba yao, wakisukumana wapate pa kusimama. Senkondo alikuwa katikati na kijembe chake.

"Sheria!" akapaza sauti Mchome. "Kando ya kitovu cha mama!"

Hapo Senkondo akafanya kama wafanyavyo watu wanaopendwa kwa mizaha yao: akatafuta njia ambayo kila mtu ataondoka akicheka. Na aliipata. Iliposhuka kichwani mwake aliona aibu jinsi ilivyokuwa nzuri.

"Ndugu zangu," akasema, "sheria imesema kando ya kitovu cha mama. Haikusema mama yupi. Mke wangu huyu kitovu chake kiko pale, hatua kumi, nakijua kama ninavyoijua sahani yangu. Kizikwe kando ya cha Nakijwa! Mtoto atahesabika wetu. Atakunywa, ataoga, atapanda mchicha. Ngazi atakuwa anapanda kumnyonyesha, naye atakunywa maji kama mnyonyeshaji, maana mnyonyeshaji wa mtoto mwenye kitovu ukingoni hutunzwa na mji. Sheria imekaa, mtoto ameishi, na mimi nimepata binti uzeeni bila hata kuamka usiku. Nani anakataa?"

Watu wakalipuka kwa furaha. Walipiga makofi, wakamsifu, wakasema masikio yale makubwa kumbe yamekaa juu ya akili. Mchome alimtazama dada yake, aliyemwona miaka thelathini akishika watoto wa wengine, na mkia wake ukajifungua wenyewe kiunoni ukaanza kuchezacheza nyuma yake, kila mtu akiuona. "Hilo," akasema, "hilo nalikubali."

Nakijwa aligeuka manjano. Iliwaka yote kwa mara moja, shingo, mashavu, mikono, rangi ya mtu aliyeitiwa jina lake kwenye karamu. Halafu akamwona Ngazi, na rangi ikaanza kufa usoni pake, ikawa kijivu. "Msinitazame," akasema.

Senkondo alimgeukia Ngazi akitabasamu, kama mtu aliyeleta zawadi na anasubiri ifunguliwe.

Ngazi hakuwa na haraka. Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga. "Na siku Sikio akiuliza mimi ni nani wake?"

"Utasema... mnyonyeshaji," akasema Senkondo. "Lakini atakupenda. Sisi wenyewe tutamwambia akupende."

"Bwana Senkondo, kazi yako ni kuzika vitovu. Mama hazikwi."

Tabasamu likabaki peke yake usoni pa Senkondo, halina mwenyewe. Masikio yakamlala. Alikuwa amepita nchi tisa akisifiwa kwa wema wake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wema nao unaweza kumkanyaga mtu. Nakijwa akavuka ule uwazi uliokuwapo kati ya watu wa juu na watu wa bondeni, rangi yake imerudi kuwa ya kawaida, kahawia ya siku zote, akasimama ubavuni kwa Ngazi. "Kasema kweli," akasema. "Nami nilitaka sana, na bado kasema kweli."

"Basi!" akasema Mchome, na mkia wake ukarudi kiunoni kwa aibu. "Tumempa mlango, kaukataa. Atuonyeshe kitovu chake mwenyewe. Kiko wapi? Jua linakwenda."

"Mimi sijui mnavyohesabu," akasema Ngazi. "Nimeziba nyufa za ukingo huu miaka kumi na miwili, sijawahi kuhesabiwa safu ya vitovu. Nihesabieni nisikie. Hesabuni ya mwenyekiti. Muanzie na chake."

Ombi hilo lilimpendeza Mchome kuliko alivyotaka kuonyesha. Safu yake ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote mlimani. "Mhesabie," akamwambia shemeji yake. "Ajue sheria ni kitu gani."

Senkondo akatembea hatua chache, akapiga ukingo kwa mpini wa kijembe. "Mchome! Kando ya mama yake, Namsifu!"

"Maji yanamjua!" watu wakaitikia, maana ndivyo inavyoitikiwa.

"Namsifu! Kando ya mama yake, Nanzia!"

"Maji yanamjua!"

Wakaanza kupanda. Kila jina lilikuwa hatua kadhaa juu ya jingine, na kila jina lilikuwa na watu wake kwenye umati ambao walipiga kelele likifika. "Nanzia, aliyekuwa na macho matatu! Kando ya mama yake, Mkunde!" Mwenye macho matatu alikuwa bibi wa nusu ya watu waliokuwapo, wakarusha kofia. Damu ikawachemka. Wakasahau kwamba wamekuja kugombana. Watoto walikimbia mbele, wazee walishikwa mikono, na nyuma walifuata Waundwa, ambao hawakuwahi kupanda ukingo ule bila ndoo ya udongo kichwani, nao walipolisikia mara tatu lile itikio wakaitikia pamoja na wengine, "Maji yanamjua!" na sauti zao zikatoka safi kuliko za wenyewe. Mchome hakuweza kujizuia. Alimpita Senkondo, akawa anataja yeye mwenyewe, anaruka mawe, mkia umefunguka tena: Mkunde kando ya Naelijwa, Naelijwa kando ya Nambike, juu, juu, mpaka wakafika ndivani, mpaka wakaupita ukuta wa ndiva, mpaka pale ambapo maji yanatoka mwambani yakiwa baridi, na palipo na jiwe moja jeupe.

"Nambike!" akaita Senkondo, anahema. "Kando ya..."

Mdomo ukabaki wazi. Miaka thelathini alikuwa amehesabu safu zile kama alivyofundishwa na baba yake, kama wote walivyofundishwa: kuanzia juu, kuteremka na maji. Huanza na Nambike, halafu wanawe, halafu wana wa wanawe, mpaka mtoto wa leo. Hakuna mtu aliyewahi kuhesabu akipanda. Hakuna aliyewahi kufika kwenye jina hili kutoka chini, na ulimi umekwisha kuzoea kusema kando ya, na akakuta hapana neno la kutia.

Umati wote ulikuwa umevuta pumzi uitikie. Ukaishika pumzi hiyo.

"Kando ya nani?" Ngazi akauliza.

"Kando ya nani!" Mchome akacheka, jasho linamtiririka, amesimama palepale kando ya jiwe jeupe, mguu mmoja mbele kama mtu anayepigwa picha. Hakuna alichokipenda kukisimulia kama hiki. "Mama yake Nambike alitoka majivuni peke yake, na tumbo lake! Hakuwa na kitovu hapa, hakuwa na mtu hapa, amekunywa matope njia nzima, watu wa chini walikuwa wanamfukuza kwa mawe! Akafika kwenye mwamba huu akajifungua, na kitovu kilipodondoka akakizika kwa kucha zake. Angekizika kando ya nani? Yeye alikuwa wa kwanza!"

Mtu mmoja nyuma akaanza kuitikia kwamba maji yanamjua. Akanyamaza katikati.

Maji yaliendelea kutoka mwambani. Jua lilikuwa bado halijagusa mlima wa pili. Senkondo alimtazama shemeji yake, akamtazama mke wake, kisha akakishusha kijembe begani na kutema mate viganjani.

Ngazi akafungua jani la mgomba.

"Na mimi ni wa kwanza," akamwambia Mchome. "Sogeza mguu."